Kisanduku cha Nne

Sogea kidogo, wewe unayenisikiliza, na kama una kikombe mkononi kiweke chini, maana mwishoni nitakuomba utumie mikono. Watu huniuliza nilijifunzia wapi katuni, wakitegemea nitataja chuo. Chuoni nilifundishwa kuchora chungu. Chungu kimoja, mihula miwili, kivuli upande wa kulia. Katuni nilifundishwa na jirani yangu ambaye hakuwahi kushika penseli, akisaidiwa na ng'ombe mmoja mvivu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya kutoka Shinyanga mjini, nimepangiwa shule ya msingi upande wa Ushirombo. Mlango wangu ulitazamana na mlango wa jirani huyo, mama wa watoto wawili, aliyenizidi kama miaka kumi. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, nikamwita dada. Yeye aliniita mwalimu, na siku alizotaka kunicheka aliniita mwalimu wangu.

Mume wake alikuwa Geita, machimboni, akitafuta dhahabu. Aliondoka baada ya mavuno akaahidi kurudi kabla ya mvua. Ahadi hiyo ilikuwa na uzito kwa sababu ya ng'ombe wao wawili wa plau. Wa kwanza hakuwa na tatizo. Wa pili, mwenye baka jeupe usoni, alifundishwa kazi na mume yule tangu akiwa ndama, naye alitii mluzi wake tu. Mtu mwingine akishika plau, ng'ombe huyo hulala. Hakuwa mgonjwa. Alijilaza katikati ya shamba, nira shingoni, akacheua taratibu kama mzee aliyekwisha pokea pensheni.

Sasa hesabu mwenyewe. Bila mume hakuna plau. Kwa jembe la mkono dada angelima robo ya shamba, na robo ya shamba hailishi nyumba ile mpaka mavuno mengine. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri.

"Si tumwandikie barua?" nilimwambia.

"Barua?" Aliweka ungo chini. "Umesahau ile ya kwanza, mwalimu wangu?"

Sikuwa nimesahau. Niliiandika mimi. Yeye hakujua kusoma, na mumewe hakujua. Kule kambini mtu mmoja tu ndiye aliyejua, na barua zote zilisomwa naye kwa sauti, wachimbaji wote wamekaa wanasikiliza. Nami kwa utoto wangu nilikuwa nimeongeza sentensi ambayo dada hakuniagiza. Niliandika, "Tangu uondoke, kitanda kimekuwa kipana." Niliiona nzuri sana. Kuanzia siku ile mume yule hakuwa na jina jingine kambini. Walimwita Kitanda Kipana. Akishuka kwenye duara, ndivyo wanavyoita shimo lao, walimpigia kelele kutoka juu, "Kitanda Kipana, kuna nafasi huko chini?"

"Basi safari hii hakuna maneno," nikasema. "Nitachora. Ataiona mwenyewe, hahitaji msomaji."

Tulikaa darasani baada ya watoto kuondoka, kwenye dawati la mbele, magoti yetu yakigonga mbao. Nikachana karatasi katikati ya daftari, nikaigawa visanduku vinne. Nilimweleza dada kama ninavyokueleza wewe. Kila kisanduku ni muda mmoja. Jicho linatoka hiki linaingia kile, na linaporuka ule uwazi mdogo wa katikati, kichwa kinajaza chenyewe kilichotokea. Ukichora mtu ameinua shoka, halafu gogo vipande viwili, hakuna haja ya kuchora shoka likishuka. Mtazamaji amekwisha kulishusha.

"Kwa hiyo kazi nusu anafanya yeye," dada akasema.

"Nusu nzima."

"Na wewe ndiye unayeitwa fundi."

Tukaanza. Kisanduku cha kwanza, mawingu. Cha pili, dada na jembe lake kwenye shamba pana. Hapo tuligombana kidogo. Nilimchora mwembamba ili mume aone huruma.

"Huyu nani?" akauliza.

"Wewe."

"Nimeugua lini? Akiniona hivi atafikiri nakufa, ataleta sanda. Ninenepeshe."

Nikamnenepesha. Nikamchorea matone ya jasho yanaruka kichwani, kama nilivyoona kwenye magazeti.

"Mvua hii mbona inanyesha kichwani kwangu tu?"

"Ni jasho, dada."

"Jasho linaruka juu?"

Nikafuta. Cha tatu kilikuwa ng'ombe, amelala, na shemeji yake dada, mdogo wa mume, anamvuta mkia kwa mikono miwili. Nikaweka alama kubwa ya mkasi, mistari miwili iliyokatana, juu ya shemeji kuonyesha kwamba ameshindwa. Dada akaitazama.

"Hiyo si ile unayowawekea watoto wakikosa hesabu?"

"Ndiyo."

"Shemeji amekosa hesabu gani?"

Ukitaka kujua lugha ya picha ina umaskini gani, jaribu kuchora neno "siwezi." Unaweza kuchora ng'ombe. Unaweza kuchora mtu anavuta. Lakini kukataa hakuna umbo. Mwisho nilifuta mkasi, nikamchora shemeji amekaa chini kwa matako, mkia umemponyoka, ng'ombe hajageuka hata kumtazama. Dada alicheka mpaka akaegemea dawati. Hapo nikajua tumefika.

Kisanduku cha nne nilikijaza kwa mapenzi yangu yote. Mume amefika. Mzigo begani, watoto wanamkimbilia, ng'ombe amesimama wima, dada mlangoni anatabasamu. Nilichora hata moshi wa jiko. Mpaka leo sijachora kitu kwa uangalifu kama ule.

Tulimpa dereva wa lori lililopeleka unga na sabuni machimboni. Siku tisa baadaye alirudi, akasimamisha lori mbele ya nyumba ya dada, akateremka peke yake.

"Ameipata?" dada akauliza kabla ya salamu.

"Ameipata, mama. Anasema asante sana. Wamecheka wiki nzima. Ameibandika kwenye nguzo ya turubai lake kwa misumari miwili, watu wa kambi nyingine wanakuja kumwangalia shemeji yako."

"Yeye anakuja lini?"

Dereva akakuna shingo. "Hilo hakusema. Ameomba mtume nyingine."

Nilitamani ardhi inimeze. Dada akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Wakati anaiangalia, uso wake ulikuwaje?"

"Mzuri kabisa, mama. Anaishia pale kwenye kisanduku cha mwisho, anasema, tazameni nilivyopokelewa. Ila wenzake wanamtania. Wanasema kumbe una wake wengi, huyu wa shambani, yule wa mlangoni, wote umewanunulia kanga sare."

Dereva alipoondoka, nilianza kuomba radhi. Dada alinikatiza.

"Umeona ulichofanya, mwalimu wangu? Umemfikisha. Mtu amekwisha kufika nyumbani, watoto wamempokea, moshi unafuka jikoni. Sasa aje kufanya nini? Amekaa kule kwenye turubai lake anajiona hapa."

Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu sanaa hii tangu siku ile. Bado sijakuta sentensi inayoipita hiyo. Mwisho ukimpa mtu mkononi, ataushika na kukaa nao.

Wiki ile manyunyu ya kwanza yalipita, yakalainisha vumbi tu. Majirani wenye maksai watiifu walianza kulima. Shemeji alijaribu tena, na ng'ombe akalala tena, safari hii kabla hata plau haijagusa udongo. Dada alikuwa shambani tangu alfajiri na jembe. Viganja vyake vilipasuka, na sikumsikia akinitania kwa siku tatu. Siku ya nne alikuja darasani mwenyewe.

"Lete karatasi. Leo nasema mimi, wewe chora."

Kwanza alishughulikia wale wake wengi wa kanga sare. Mimi nilifikiri nimbadilishie dada kitu, labda nimwekee mtoto mgongoni. Alikataa. "Chora mstari wa plau," akasema. "Uanzie hapa, upite visanduku vyote, usikatike. Wakiona udongo ni mmoja, watajua na mwanamke ni mmoja." Nikachora mtaro ule chini ya kila picha, ukikatiza mipaka ya visanduku kama njia inayopita mashamba ya watu. Nilikuwa na cheti cha ualimu ukutani kwangu, na jambo hilo halikuwa limenijia.

Kisanduku cha kwanza akataka mvua, si mawingu, naye amesimama shambani inamnyeshea. "Mawingu aliyaona akasema bado." Cha pili, yeye na jembe, na nyuma yake kipande kilicholimwa kiwe kidogo kama mkeka. Cha tatu, ng'ombe amelala, hakuna shemeji. "Shemeji anachekesha. Mtoe." Ng'ombe yule alitakiwa ainue kichwa, masikio mbele, akitazama upande wa kulia, kule mtaro unakoelekea.

"Cha nne?" nikauliza, penseli ikiwa tayari.

"Piga mipaka yake."

Nikapiga.

"Basi."

"Basi vipi? Ni kitupu, dada. Atafikiri nimesahau."

"Mwache afikiri."

"Hata mtaro usiingie?"

"Uishie mlangoni pake."

Nakiri kwamba nilitaka kuweka chochote mle ndani, hata nyasi mbili. Mkono wa mchoraji una kiherehere. Dada aliichukua karatasi kabla sijafanya uharibifu, akaikunja, akampelekea dereva mwenyewe.

Zilipita siku saba. Siku ya nane, mchana, nilikuwa nafundisha kugawanya nikasikia watoto wa dirishani wanacheka. Nje, upande wa pili wa barabara, ng'ombe mwenye baka jeupe alikuwa amesimama. Alikuwa amelala chini ya mti wa miiba tangu asubuhi, na sasa amesimama, masikio mbele. Binadamu hakuwa amesikia kitu bado. Kisha na sisi tukausikia, mluzi, mbali kwenye njia ya lori.

Niliwaacha watoto na hesabu zao. Mume wa dada alikuja amejaa vumbi, mzigo begani. Mkewe alikuwa mlangoni, lakini hakutabasamu kama nilivyomchora. Alishika kiuno. Mume akatoa karatasi mfukoni kabla hajatua mzigo.

"Mwalimu, hujambo? Hii barua hamkuimalizia."

"Sisi tulidhani ni wewe hujaimalizia," dada akasema.

"Mnajua mmenifanyia nini kule?" Akakunjua karatasi, imechakaa kwenye mikunjo. "Kambi nzima imegombana juu ya hiki kisanduku. Mmoja anasema mke ameondoka. Mwingine anasema ni mafuriko, yamefuta kila kitu. Yule msomaji wetu wa barua, mwenye akili nyingi, akasema humo ng'ombe amechinjwa, ndiyo maana anatazama vile. Hapo ndipo nilipofunga mzigo."

"Kwa hiyo umemfuata ng'ombe," dada akasema.

Mume akatazama chini, akatazama karatasi, akanitazama mimi kama mtu anayetafuta msaada. "Na kitanda," akasema.

Dada akafunika uso kwa kanga. Nami nikarudi darasani haraka, maana kuna visanduku ambamo mchoraji hapaswi kuingia.

Walianza kulima alfajiri iliyofuata. Ng'ombe alivuta bila kugeuka, kama mtu ambaye hajawahi kukataa kazi maishani mwake. Mvua kubwa ilipofika, shamba lote lilikuwa limefunguliwa, na siku zile chache zilizobaki zilitosha kupanda. Mwaka ule nyumba ile ilikula, na mimi nikaletewa debe la mahindi nililosema silistahili. Dada akakubaliana nami kwamba silistahili, akaliacha mlangoni.

Jumapili moja mume aliniletea ile barua. Alitaka nimchore sasa kwenye kisanduku cha nne, yeye na plau, kwa kuwa kazi imekwisha. Nikachukua penseli. Dada, aliyekuwa akichambua maharage, hakuinua hata kichwa.

"Mwalimu wangu," akasema, "akienda tena mwakani tutatumia nini?"

Nikaweka penseli chini. Tangu siku ile nimechora hadithi nyingi kwenye ubao, kwenye kuta za madarasa na kwenye madaftari ya wanafunzi ambao sasa ni wazee kama mimi, na kila mara mkono wangu umewashwa kumfikisha mtu nyumbani kabla hajafunga mzigo.

Sasa ndiyo zamu ya mikono yako. Chukua karatasi, ikunje mara mbili upate visanduku vinne. Chora vitatu, hata kwa vijiti, na pitisha mstari mmoja wa ardhi chini yake. Cha nne piga mipaka tu. Mpe mtu aliye karibu nawe, muulize kuna nini humo ndani, kisha nyamaza umsikilize.