Misalaba ya Papa Déo

Kule Kikula, ukimwona Papa Déogratias na ndoo yake ya rangi nyekundu, roho haitulii mpaka apite mlango wako. Ndiye mchoraji wa ofisi ya ujenzi ya komini, bureau kama tunavyoiita. Chef, mkuu wa ofisi hiyo, akisema nyumba fulani imejengwa bila ruhusa, Déo huchora msalaba ukutani, na chini yake À DÉMOLIR, yaani ya kubomolewa. Mwenye nyumba hukimbia kumwona chef, anamwachia kitu kidogo, na Déo anarudi na chokaa kuufuta. Sote tumepita njia hiyo. Déo mwenyewe si mbaya. Ana watoto, na kazi haziokotwi barabarani.

Ila siku hizo alikuwa hakai mahali pamoja. Mvua zilikaribia, na chef alikuwa amejijengea ghorofa juu ya mfereji unaotoa maji ya mtaa wetu. Kila asubuhi Déo alikwenda kuuangalia mfereji ule, anarudi, anakwenda tena. Ghorofa haikuwa na msalaba. Ungetegemea nini kingine?

Basi Mama Mathilde, mjane jirani yangu, akamwita.

"Papa Déo, uniwekeye na minye musalaba."

"Mama, weye kichwa iko muzuri?"

"Bashemeki banataka kuuzisha lupango ya marehemu bwana yangu. Nani atatoa feza yake kwa nyumba ya kuvunja?"

Déo alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akachora, bila kumwambia chef. Wateja wa mashemeji walikuja kuona kiwanja, wakaona rangi, wakageuka. Mathilde alifagia uwanja wake akiimba.

Kisha wakubwa wakaja kutoka Lubumbashi kuona kama sheria ya ujenzi inafuatwa. Chef alihitaji nyumba ya kubomoa mbele yao, na misalaba yote ilikuwa imefutwa kwa sababu unayoijua. Ulibaki mmoja.

Mashine ya kubomolea ilinguruma mlangoni kwa Mathilde, chef na wageni wake wamesimama kando. Yeye alikuwa anatupa sufuria nje, moja juu ya nyingine, analia. Sikujua nishike sufuria au nimshike yeye. Déo akaja mbio na ndoo yake.

"Chef, simamisha! Hii nilichora minye tu, haikutoka ku bureau."

Wageni wakageuka. Chef angekubali kwamba msalaba mmoja ni wa uongo, wangeuliza habari za mingine. Akapaza sauti:

"Déogratias, kila musalaba ya mukono yako ni ya bureau. Hakuna ya uongo!"

Déo aliinua ndoo yake. Halafu akapanda barabara mpaka kwenye ghorofa ya chef, nyumba chache tu juu yetu, akachora msalaba toka dirishani hadi chini mlangoni, rangi ikimchuruzikia kwenye viatu. Kando yake akaandika, na wageni wote wakasoma: À DÉMOLIR.

Dereva akazima mashine.

"Chef, tunaanza na gani?"

Chef aliitazama ghorofa yake, akawatazama wageni. Mwishowe akasema, "Tunarudi. Huyu muchoraji anakoseaka."

Mathilde akaanza kurudisha sufuria zake ndani, na Déo, ambaye tangu dakika ile hakuwa na kazi tena, akamsaidia kubeba.