Mbwa wa Sura ya Kumi na Nne

Nyumbani kwao Thirza Gulliford walikwisha kumzoea, lakini mgeni aliyemsikia kwa mara ya kwanza alidhani msichana ana kichaa kidogo. "Mama mkato nimerudi nukta," ndivyo alivyosema akifika kutoka kazini. Na mama yake, huku akimimina chai, alimjibu, "Kaa mkato ule nukta. Na kesho hizo nukta zako uziache hukohuko."

Lawama haikuwa yake. Mwaka huo, 1934, Thirza alikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yake katika kiwanda cha uchapaji cha mji wao mdogo wa Somerset ilikuwa kusoma kwa sauti kutwa nzima. Mwandishi akileta mswada, wapanga herufi waliupanga, kisha ikatolewa karatasi ndefu ya majaribio. Thirza alishika mswada akausoma neno kwa neno, mkato kwa mkato, kila alama akiitaja kwa jina lake. Mzee Reuben Vowles, msahihishaji, alifuatisha kwenye karatasi, kalamu mkononi, na kila palipotofautiana na alichokisikia alipasahihisha. Walikaa wawili hao katika kijumba cha vioo ambamo hata paka asingeweza kujinyoosha. Kanuni ilikuwa moja tu: msomaji husoma kilichoandikwa, hazidishi wala hapunguzi. Aliyetia neno lake alifunga virago siku hiyohiyo.

Na Thirza hakuwa na pa kwenda na virago. Baba yake alikuwa ameharibiwa mapafu na vumbi la machimbo ya mawe, hatoki kitini ila kwenda kitandani. Mkate wa nyumba ile ulitoka kwenye koo la binti.

Sasa, watu wa Somerset wana lao. Kiingereza cha vitabuni, pasipotajwa jina, kina neno moja la watu na neno jingine la vitu, na mnyama mara nyingi hutupwa kwenye vitu. Sisi kwetu mbwa anakuja kama anavyokuja mwenye mbwa, kwa hiyo hatuuoni ubaya wake upesi. Lakini jaribu kusema "mbwa kimekuja, kimelala mlangoni," uone sikio linavyokataa. Watu wa Somerset hawana choyo hicho. Wazee wao neno la watu walimpa kila mmoja, hadi jembe. "Jembe yuko wapi?" baba yake Thirza alikuwa akiuliza zamani alipokuwa na nguvu za kulima. "Ameegemea ukuta kule, amechoka kuliko wewe," mkewe alijibu, na hakuna aliyecheka, maana ndivyo wasemavyo.

Mwezi wa tatu ukaletwa mswada wa Meja Ouseley, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akiandika hadithi za watoto. Walikuwemo watoto wanne, mashua, kisiwa, na wezi waliokuwa wakificha mali ya watu pangoni. Alikuwemo na mbwa mdogo, jina lake Sprat, yaani dagaa. Thirza alianza kumpenda Sprat ukurasa wa tatu. Kusema kweli kazi yote ya kitabu kile aliifanya yeye. Ndiye aliyenusa wezi, ndiye aliyeogelea na kamba mdomoni watoto walipokwama, ndiye aliyemng'ata jambazi mkuu mahali pasipotajwa mbele ya wakwe. Watoto, wao, kazi yao kubwa ilikuwa kula. Walikula mayai ya kuchemsha, nyama ya nguruwe, keki ya zabibu, wakashushia na tangawizi ya chupa, kila baada ya kurasa kumi. Mbwa alirushiwa ganda la jibini mara moja, sura ya pili, basi.

Siku ya nne walifika mwisho. Thirza alisoma, "Wakalala fofofo, nukta, mwisho," lakini hakuuweka mswada chini.

"Mzee Vowles, samahani. Mbwa yuko wapi?"

"Mbwa gani?"

"Sprat. Sura ya kumi na nne wamemfunga kwenye mzizi alinde mashua ya wezi. Halafu polisi wamekuja, watoto wamepanda boti ya polisi, wamekwenda nyumbani, wamekula keki. Hakuna aliyemfungua."

Mzee Vowles alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Mwanangu, sisi tunasoma herufi. Hadithi si yetu."

"Lakini maji yakijaa je?"

"Thirza. Hadithi si yetu."

Jioni alisogeza sahani pembeni kabla hajala. Mama yake alipomuuliza ana nini, alisema kuna mbwa ameachwa kisiwani. Mama akasikitika sana, mpaka alipoambiwa ni mbwa wa kitabuni, ndipo akamwita mjinga na kumwongezea viazi.

Wiki mbili baadaye karatasi zilirudi kutoka kwa Meja, na barua juu yake iliyoandikwa kwa kalamu iliyokandamizwa hadi ikatoboa karatasi. Bwana Pettifer, msimamizi wa kiwanda, mtu wa London asiye na masihara, aliwaita ofisini.

"Mahali mia moja na sitini na tatu," alisema. "Meja ameandika neno la vitu. Wapanga herufi wamepanga neno la vitu. Halafu ninyi wawili mmelifuta mkatia neno la watu, mara mia moja na sitini na tatu. Nani amewapa ruhusa ya kumfanya mbwa wa watu kuwa mtu?"

Thirza aliinama kuzitazama karatasi. Hapo ndipo alipoelewa. Macho yake yalikuwa yameona neno moja, mdomo wake ukatoa jingine, lile la nyumbani, la jembe na birika. Angesoma mbele ya msahihishaji mgeni, angekatizwa kwenye mstari wa kwanza. Lakini Mzee Vowles alizaliwa mitaa miwili kutoka kwao. Sikio lake lilisikia mbwa ameitwa anavyostahili kuitwa, na kalamu ikafuata sikio.

"Kosa langu," alisema Mzee Vowles. "Mimi ndiye mwenye kalamu."

"Si kweli, bwana," alisema Thirza. "Kalamu yake ilifuata mdomo wangu."

Bwana Pettifer aliwatazama mmoja mmoja. "Meja anakuja Jumanne mwenyewe. Akitaka mtu afukuzwe, nitafukuza. Na sitamfukuza mtu wa miaka thelathini kazini kwa ajili ya msichana wa miaka miwili. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bwana."

Jumanne Meja Ouseley alifika, mrefu, masharubu meupe, fimbo mkononi. Hakuketi. Alipomwona Thirza alishangaa kidogo, kama mtu aliyetarajia adui mkubwa zaidi.

"Wewe ndiye uliyemsoma mbwa wangu vile? Hebu soma tena nisikie. Hapo anapoogelea na kamba."

Thirza alisoma, mikato na nukta zake zote, na safari hii macho aliyabandika kwenye kila neno. "Sprat kiliruka majini mkato kamba mdomoni mkato na ingawa mawimbi yalikifunika mkato hakikuachia nukta." Akauweka mswada chini. Kisha, kwa kuwa aliona kazi imekwisha kwenda, akasema asichoambiwa aseme.

"Bwana Meja, mimi nilikosea na sikukosea kwa makusudi. Sisi hapa ndivyo tunavyosema. Lakini nafikiri wewe ungelimwita kwa neno la watu usingelimsahau."

"Kumsahau nani?"

"Sprat. Kitu husahaulika, bwana. Mtu amesahau mwavuli, amesahau kofia. Sprat amefungwa kwenye mzizi sura ya kumi na nne, na kitabu kimekwisha."

Bwana Pettifer alifumba macho. Mzee Vowles alikohoa. Meja alizivuta karatasi, akapekua sura ya kumi na nne, akaja ya kumi na tano, ya kumi na sita, akafika kwenye keki na kulala fofofo. Akarudi nyuma akapekua upya, polepole zaidi. Kisha akaketi kwenye kiti alichokuwa amekikataa.

"Nimeisoma mara sita," alisema. "Mke wangu ameisoma. Wenye kutoa kitabu wameisoma. Sote tulikuwa tunahesabu watoto." Akainua macho. "Ulianza lini kuona hayupo?"

"Kwenye keki, bwana. Nilikuwa nangojea apewe."

Meja alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa. Aliomba kalamu, na palepale, mezani kwa Pettifer, akaandika nusu ukurasa. Mtoto mdogo kabisa anajihesabia watu botini, moja, mbili, tatu, nne, anapiga kelele kuwa wa tano hayupo, polisi wanageuza boti, na Sprat anakutwa maji yamemfika kifuani, bado ameikalia mashua ya wezi. Nyumbani akapewa keki, kipande kizima. Halafu Meja alimpa Thirza ile nusu karatasi asome, naye alisoma kwa sauti iliyotetemeka kila kwenye mkato.

"Na yale maneno mia moja na sitini na tatu, bwana?" aliuliza Pettifer. "Tuyarudishe?"

"Yaacheni. Msichana amesema kweli. Na vitabu vyangu vyote vinavyokuja, asome yeye."

Thirza alikwenda chooni akalia mpaka pua ikawa nyekundu. Aliporudi alikuta Mzee Vowles ameweka juu ya mswada nusu ya mkate wake, jibini na kitunguu cha siki, na ameanza kuchonga penseli kana kwamba hakuna jambo. Siku zote za maisha yake Thirza alimshukuru mzee yule kuliko alivyomshukuru Meja. Meja alikuwa amesamehe, nayo ilikuwa hisani. Lakini Vowles alisema "kosa langu" kabla hajajua kama kuna msamaha. Alipojaribu kumshukuru kwa maneno, mzee alimwambia ale, kazi inangoja.

Akakaa kiwandani miaka thelathini na minane. Baba yake alikufa kitandani mwake, ameshiba. Mzee Vowles alipostaafu, kalamu yake alipewa Thirza, mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile, na Bwana Pettifer ndiye aliyempa, kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Hakuolewa. Alifuga mbwa watano mmoja baada ya mwingine, wote walikula kabla yake.

Na miswada ya Meja ilikuja, karibu kila mwaka mmoja. Juu ya kila mswada palibandikwa kikaratasi, kwa mwandiko uleule mkali: "Bi Gulliford ahakikishe. Sprat amekula sura ya 2, 5, 9, na 13. Hakufungwa popote." Wenzake walimtania kuwa ana mchumba. Yeye alivitunza vikaratasi vile katika kopo la biskuti, na siku zilizokuwa ngumu alivitoa akavisoma.

Mwaka 1951 mswada ulikuja bila kikaratasi. Barua ilikuwa ya mke wa Meja. Mumewe alikuwa amefariki mezani pake akiandika, na kitabu hakikwisha, hakiwezi kuchapwa. Ila alifikiri Bi Gulliford angependa kukiona.

Thirza alifunga mlango wa kijumba cha vioo. Hakukuwa na karatasi ya kulinganisha, wala mtu wa kumfuatisha kwa kalamu, lakini alisoma kwa sauti, kama alivyoisoma miswada ya Meja siku zote, mkato kwa mkato. Watoto waliingia pangoni. Maji yalianza kupanda. Taa ilizimika. Wezi walisikika wakija juu ya mwamba, na hakuna aliyejua njia ya kutokea.

"Ngoja kwanza mkato alisema mkubwa wao mkato akafungua mfuko gizani nukta. Alitoa kipande cha mwisho cha nyama mkato akampa Sprat mkato naye akakila chote nukta."

Akageuza ukurasa. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Watoto wanne walibaki mle pangoni, maji magotini, na hakuna atakayejua walitokaje.

Lakini mbwa alikuwa ameshakula. Thirza alichukua penseli, akatia alama yake ndogo pembeni, ile ya kuonyesha kuwa pamehakikishwa, na akasema kwa sauti, "Ahsante mkato bwana nukta."