Mtakatifu Dúnlaith na Siku Tulipotafuta Mpaka

Alizaliwa Dúnlaith yapata mwaka 571 chini ya mlima wa Slieve Corra, baba akiwa mtu wa mlimani na mama mtu wa bondeni. Ndoa hiyo ilishangaza wengi, kwa maana pande hizo mbili hazikuwahi kukubaliana hata juu ya mvua, na kwetu mvua haifichiki. Alipofikisha miaka kumi na saba alijitoa kwa Mungu, akajenga kanisa dogo la mawe kando ya kisima, pande hizo zinapokutana.

Mwaka 603 ukaja ukame. Kisima hicho pekee ndicho kilichobaki na maji, na kila upande ukadai ni chake. Finnchad, mkuu wa mlimani, kaka wa baba yake, akanoa mikuki. Maolán, mkuu wa bondeni, kaka wa mama yake, akanoa ya kwake. Mtakatifu alijua kwamba yeyote atakayeshinda, yeye atazika ndugu. Alilia, akafunga siku tatu, kisha akawaita wote wawili kisimani alfajiri.

“Baba mkubwa, shika njia ya kushoto. Mjomba, shika ya kulia. Zungukeni nchi, na mtakapokutana msimike jiwe la mpaka.”

“Mimi nizunguke kwa kushoto, kinyume na jua?” akasema Finnchad. “Nijilaani mwenyewe asubuhi asubuhi? Mpe mjomba wako njia hiyo, yeye mikosi ameshaizoea.”

“Hata mbuzi wangu haendi kushoto,” akajibu Maolán, akaondoka kwa kulia.

“Basi na mimi kulia, nikuchunge usije ukatumezea mlima.”

Wakaenda hivyo, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakirushiana maneno. Kabla ya adhuhuri Maolán alizama hadi kiunoni katika kinamasi.

“Bonde lenu linakupenda, bwana. Halitaki kukuachia.”

“Nivute kwanza, utanitania baadaye.”

Finnchad akamvuta kwa mpini wa mkuki wake. Wakala pamoja mkate wa shayiri, na jioni wakafika kisimani wamejaa matope, wakicheka.

“Jiwe mmeliweka wapi?” akauliza Dúnlaith.

“Hatukukutana, mwanangu,” akasema Finnchad. “Tumefuatana.”

“Basi mmezunguka nchi moja.” Akawanywesha kwa kikombe kimoja.

Wako wanaosema alisahau desturi ya kwao, kwamba hakuna azungukaye kwa kushoto. Mimi siamini, nani kwetu asiyeijua?

Alifariki mwaka 640, mwenye furaha. Jeneza lake lilizungushwa kwa njia ile ile, na tangu hapo kisima hakijakauka. Kila mwaka siku yake tunauzunguka mpaka wa parokia kwa kulia, na pale kinamasini mtu wa mlimani humpa mkono mtu wa bondeni, hata kama ardhi ni kavu. Nawe ukigombana na jirani yako, mfuate Dúnlaith: kabla ya kusimika jiwe, zungukeni kwanza. Njiani mmoja wenu atazama, na mwingine atakuwa karibu.