Mbwa Asipewe Mboga

Mbwa wa mama kule Nyamuswa alianza kukojoa mkojo mwekundu. Mama anaishi peke yake tangu baba afariki, na usiku anayemlinda yeye na ng'ombe wake ni mbwa huyo tu. Akanipigia simu. Mimi niko Kitaji, mjini Musoma, na mambo ya mbwa siyajui hata kidogo. Nikamtafuta bwana mifugo mmoja, akaniuliza mbwa anakula nini. Nikamjibu, mabaki ya mezani.

"Kuna mboga ni sumu kwa mbwa," akasema. "Aache mboga kabisa."

Nikamfikishia mama neno kwa neno.

"Haya," akasema. "Ila huyu anakulaga kila kitu, mwanangu."

Siku chache baadaye akanipigia tena: mbwa hasimami. Nikapanda basi. Nilimkuta mama amechuchumaa, anamlisha ugali uliolowekwa mchuzi. Ufizi wa mbwa ulikuwa mweupe, kama hana damu.

"Mboga umeacha?"

"Kabisa. Samaki hagusi, dagaa hagusi. Hata mfupa nimemficha."

Ni kweli, kwetu mboga ni chochote kinachoshushia ugali, na nyama ni mboga ya kwanza. Sasa yule bwana alimaanisha nini? Nikampigia palepale.

"Vitunguu," akasema. "Vitunguu maji, vitunguu swaumu, vyote. Vinaharibu damu ya mbwa."

Nikamwambia mama. Akanitazama kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Kitunguu si mboga. Kitunguu ni kiungo. Nani anakulaga ugali kwa kitunguu?"

Hasira zikanipanda, sijui nimkasirikie nani. Nikafunua sufuria. Mchuzi ulikuwa vitunguu vitupu. Jirani alikuwa amevuna, akamletea kikapu kizima.

"Nilimwongezea," mama akasema, sauti imeshuka. "Alikuwa anakataa ugali mkavu. Nikaona kwa kuwa mboga hana, basi angalau mchuzi unukie."

Tukamwaga mchuzi, tukampa maji. Bwana mifugo wa Nyamuswa alikuja jioni, akamchoma sindano, akasema tumechelewa. Kulipokucha mbwa alikuwa amekufa.

Tulimzika nyuma ya zizi. Mama akaniuliza polepole, kama anayetaka kuelewa tu:

"Kwa hiyo samaki angeweza kula?"

Nikasema ndiyo.

"Na alikuwa ananiomba," akasema.