Mwenye Bertie Anatafutwa

Mavis Pocknell aliuza vitambaa vya mapazia sokoni kwa miaka thelathini na tisa, kwenye mvua na kwenye theluji, na hakuna mteja aliyewahi kumpunja hata inchi moja. Alipostaafu alibaki na mumewe Len, na Pickle, mbwa mdogo mwenye kinywa kinachonuka, na tabia moja. Kila wiki alichagua kijiji, akashuka basi, akaenda na mbwa wake hadi makaburi ya kanisa la pale kusoma mawe. Hakwenda kuomboleza. Alitaka kujua nani aliolewa mara tatu, nani alizikwa karibu na mlango kwa sababu ya mali yake, na fundi gani alikosea mahesabu mpaka herufi za mwisho za jina la marehemu zikabanana pembeni kama abiria.

Len alipofariki alizikwa kijijini walikoishi, Nether Wickley. Kanisa la kijiji hicho limesimama peke yake katikati ya mashamba, dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka nyumba ya mwisho. Njia yake ilikatiza malisho ya mzee Garrod. Garrod naye akafa, shamba likanunuliwa na Crispin Loveday, bwana wa mjini ambaye viatu vyake vya shamba vilikuwa bado vinang'aa. Mwezi wa pili akaweka geti la chuma, akalitia kufuli.

Kuzunguka kwa barabara ya malori ni maili tatu, na pembeni hapana pa kukanyaga. Leseni ya gari Mavis alisharudisha kwa sababu ya macho. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi: geti likibaki, hatafika tena kwa Len mpaka siku atakayobebwa kwenda kulazwa kando yake.

Akapiga simu halmashauri ya kaunti.

"Ramani yetu haionyeshi njia hapo, mama," karani akamwambia. "Lakini kama watu wamepita miaka ishirini mfululizo, mchana kweupe, bila kuvunja kitu na bila kuomba ruhusa, hiyo ni njia ya umma. Lete mashahidi kwa maandishi."

"Bila kuomba ruhusa?"

"Hilo ndilo kubwa. Aliyeruhusiwa hana haki, ana hisani tu."

Mavis akaipenda sheria hiyo papo hapo. Akaanza na Wilfred Sturgess, mzee wa kanisa.

"Pale nimepita tangu nikiwa na nywele," Wilfred alisema.

"Safi. Ulimwomba Garrod?"

"Kila Krismasi! Nampelekea chupa, naomba ruhusa ya mwaka mzima. Mimi si mhuni, Mavis."

"Ungekuwa mhuni kidogo tu, leo ungenifaa."

"Basi niandike kwamba sikuomba?"

"Uongo huo mwanasheria wa Loveday ataunusa kabla wino haujakauka. Kunywa chai yako."

Akapita nyumba tisa. Watu wa nyumba sita waliomba kwa adabu. Wawili waliruhusiwa kabla hata hawajafungua mdomo. Mmoja alimwandikia Garrod barua ya kumwomba radhi kwa kuchelewa kuomba. Kijiji kizima kilikuwa kimejifunga kamba kwa heshima zake.

Alirudi jikoni kwake, akakaa akimtazama Pickle anavyojikuna. Ndipo akajiuliza: nani hakuomba? Wenye mbwa wa vijiji vingine! Hao walikuwa wakikatiza malisho kila wikiendi kuja kutazama kanisa la zamani na kunyoosha miguu ya wanyama wao. Alishasimama nao penye ukuta wa makaburi miaka zaidi ya ishirini. Akachukua kalamu aorodheshe majina. Bertie. Duchess. Fergus wa miguu mitatu. Akasita. Yote yalikuwa majina ya mbwa. La mwenye mbwa hakulijua hata moja. Walizungumza mvua, kupe na minyoo miaka yote hiyo, lakini kumuuliza mtu jina lake kungekuwa umbeya.

Akaandika matangazo, akayabandika kwenye milango ya makanisa ya vijiji saba, akibadilisha basi hili na lile huku amempakata Pickle: "Anatafutwa mwenye Bertie. Mbwa wa kahawia, sikio la kushoto limechanika, hapendi baiskeli. Hajafanya kosa."

Kwenye kanisa la Upper Thornsey alikuta mwanamke mrefu mwenye skafu nyekundu amesimama analisoma tangazo.

"Hajafanya kosa? Basi huyu si Bertie wangu."

"Mama Bertie!"

"Haa, Mama Pickle! Nilidhani umeshakufa, geti limefungwa na wewe huonekani."

"Bado nipo. Sikiliza, uliwahi kumwomba Garrod ruhusa ya kupita?"

"Garrod ndiye nani?"

Mavis nusura ambusu.

Hadi mwisho wa Aprili alikuwa na maelezo ya watu kumi na wanne, yamesainiwa. Ya zamani kuliko yote yalianza mwaka 1987, ya bwana mmoja ambaye Fergus wake wa sasa ni Fergus wa nne. Mavis hakuyapeleka halmashauri. Aliyapeleka kwa Loveday, na Wilfred akafuata amevaa tai.

Loveday aliwapokea kwa chai. "Sikuwa na nia mbaya, Bi Pocknell. Mbwa waliwakimbiza kondoo wangu. Kondoo wawili waliharibu mimba."

Hilo lilikuwa kweli, na Mavis alilichukulia kwa uzito wake.

"Nitawapa ufunguo," Loveday akaendelea. "Kijiji chote mpite kwa ruhusa yangu. Hata kibao cha kuwakaribisha nitaweka."

"Huo ni uungwana mkub—" Wilfred alianza. Mavis akamkanyaga mguu.

"Ufunguo hatuutaki."

"Mavis!"

"Ruhusa yako, bwana, inakufa siku ukikasirika au ukiuza shamba." Akazitandaza karatasi mezani. "Kumi na wanne hawa, hakuna aliyeomba. Ukipigana nao utamlisha mwanasheria miaka mitatu, na mwishowe njia itapita palepale, katikati ya kondoo wako. Au usaini mwenyewe na halmashauri, iwe ya umma daima, nasi tuihamishie kando ya ua wa miti. Geti la kujifunga lenyewe. Mbwa kwenye kamba, Februari hadi Mei."

"Geti nani atalipa?"

"Wewe. La kwanza ulilinunua bila kuombwa na mtu."

Loveday akacheka bila kutaka. "Ulikuwa unauza nini, mama?"

"Mapazia."

"Kamba mwaka mzima."

"Mwisho wa Mei."

"Mwisho wa Juni."

"Katikati ya Juni, na geti liwe pana, kiti cha magurudumu kipite."

Wilfred akashusha pumzi ndefu ya nafuu. Loveday akaisikia, akajua wameridhika, akatoa mkono upesi.

Makaratasi ya halmashauri yangechukua miezi, lakini kufuli liling'olewa wiki ileile. Jumapili iliyofuata wenye mbwa walipita kando ya ua wa miti, mmoja nyuma ya mwingine, kamba mkononi, wakitajiana majina yao kwa aibu kama watoto siku ya kwanza ya shule. Mavis akawaacha waendelee, akaenda moja kwa moja kwa Len. Majani yalikuwa yamefika magotini. Akapiga goti, akaanza kuyang'oa, Pickle akijinyoosha juani juu ya jiwe la jirani.

"Katikati ya Juni," Mavis akamwambia mumewe. "Ningemshusha hadi tarehe kumi, kama Wilfred asingehema."