Yule Mzee wa Kwenye Gemu Hakuwa Amelewa

Nilipita Karatu mwezi uliopita, nikaenda moja kwa moja hadi pale palipokuwa na kibanda cha gemu. Sasa wanauza vinyago na shanga. Kijana wa pale akanikaribisha kwa Kiingereza, akidhani nimeshuka kwenye gari la watalii wanaokwenda kreta ya Ngorongoro. Nikamjibu kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, mpaka akaona haya. Nisamehe, rafiki yangu, lakini mahali pale nilipigania jambo nikiwa na miaka kumi na miwili, na sipendi kukaribishwa pale kama mgeni.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mwenye kibanda alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu mpole, mwenye televisheni moja iliyoendeshwa kwa jenereta. Kila nikitoka shule nilimpelekea maziwa ya bibi, naye alinipa zamu ya kucheza. Mle ndani mlinuka petroli, mihogo ya kukaanga na soksi za wavulana, na vumbi jekundu la barabarani lilitua hata juu ya chapati. Tulizila hivyo hivyo.

Kulikuwa na gemu moja iliyotushika sote. Askari anatembea kijiji hadi kijiji akimtafuta dada yake. Katika kijiji cha pili, nje ya zizi la miiba, mzee mmoja amelala chini, amekufa, na chupa iko kando yake. Ukibonyeza kitufe yanatokea maneno ya Kiingereza, ambayo mwalimu wetu alitutafsiria: mzee huyu hataamka tena. Basi. Hakuna anayesema kilichomuua, na askari anaendelea na safari yake.

Wavulana walishaamua. "Kalewa huyo," walisema, na kila walipofika pale walicheka. Siku moja mtoto wa jirani yetu akanitazama, akaongeza, "Kama babu yake huyu."

Hapo lazima nikueleze. Mwaka uliotangulia, babu yangu alikutwa asubuhi amekufa nje ya zizi letu, kule kwenye mteremko unaotazama msitu wa Ngorongoro, kibuyu kikiwa karibu na mkono wake. Ujanani alikunywa, hilo silifichi. Lakini aliacha kabla sijazaliwa, na kibuyu kile kilikuwa cha maji. Nani aliuliza? Siku ya mazishi mhubiri alimfanya mfano wa ubaya wa pombe, kaburi lenyewe likiwa bado wazi. Tangu siku hiyo bibi hakukanyaga kanisani. Alikuwa akisema tu, huku akichambua mbaazi, kwamba mtu akishapewa jina, hata maji yake huitwa pombe.

Basi nikamwambia mwenye kibanda asimamishe gemu. Nikasimama mbele ya ile televisheni, nikaweka kidole kwenye kioo. "Tazameni tawi la mlangoni."

Sisi tuliochunga tunajua. Lango la zizi ni tawi kubwa la miiba. Ukilala ndani na mifugo, unalishika shina na kulivuta kuja ndani kwako. Ukifunga ukiwa nje, unatanguliza miiba, na shina linabaki nje, upande wako. Kwenye ile picha shina lilikuwa nje, karibu na miguu ya mzee, na mbuzi wote walikuwa ndani. "Huyu alifunga kwanza, ndipo akaanguka," nikasema. "Mlevi gani anafunga hivi?"

Wakanizomea. Mmoja akasema mchoraji alijichorea tu, Wajapani walioitengeneza gemu watajua nini kuhusu mazizi. Nikamwambia mchoraji angeweza kuliacha lango wazi, na hakuliacha. Mwenye kibanda akavaa miwani yake, akasogea kwenye kioo, akatazama kwa muda. Baba yake alikuwa mfugaji. "Binti anasema kweli," akasema. "Shina liko nje." Mtoto wa jirani akanuna, gemu ikaendelea.

Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nilipotambua kwamba kuhusu babu sikuwahi kuuliza swali hilo. Nikamkuta bibi anakoroga makande.

"Bibi, asubuhi ile zizi alifungua nani?"

"Mimi, mjukuu wangu."

"Ulifunguaje?"

Akauacha mwiko. Akaviangalia viganja vyake, kama vile vitamkumbusha. "Nililishika shina, nikavuta," akasema. "Nilikuwa nimesimama nje."

"Na mbuzi?"

"Wote walikuwemo."

Mwaka mzima jibu lilikuwa kwake, na hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Nililia kwa aibu, na makande yakaungua.

Jumapili iliyofuata bibi alivaa gauni lake la kitenge, akaenda kanisani. Wakati wa matangazo akasimama bila kuitwa. Hakulia wala hakupaza sauti. Aliwaeleza habari ya lile tawi, akawauliza wazee wenye mifugo kama kuna mlevi anayefunga zizi namna ile. Hawakujibu. Mhubiri akasema tuendelee na ibada. "Endeleeni," bibi akasema, akanishika mkono, tukatoka. Hatukuombwa radhi, siku ile wala baadaye.

Kilichomuua babu sikijui. Labda moyo, labda jua la ule mwaka wa ukame. Najua kisichomuua, na hilo sitanyang'anywa.

Bibi naye hayupo sasa. Mwenye kibanda alirudi kwao Kondoa. Kwenye mteremko wetu pamejengwa hoteli, na mazizi machache yaliyobaki yana mageti ya chuma, ambayo hayakuambii chochote kuhusu aliyeyafunga. Wazee walionyamaza kanisani wengi wamekufa bila kusema neno. Lakini kile kijina hakijafa. Bado nikifika Karatu nakutana na mtu anayeniuliza, huku akitabasamu, kama mimi si mjukuu wa yule mzee wa pombe. Huwa naweka mzigo wangu chini, namwambia akae, halafu naanza na tawi.