Siku Nilipojipa Aleji ya Karanga

Sasa naweza kucheka, lakini wiki mbili nzima baada ya siku ile nilikuwa naingia ofisini kwa mlango wa nyuma, ule wa kutolea takataka, ili nisikutane uso kwa uso na mtu yeyote aliyekuwa kwenye ile boti, na kwa kuwa ofisi nzima ilikuwa kwenye ile boti, unaweza kuona maisha yangu yalivyokuwa.

Mimi naitwa Joska. Napika chai na kufagia katika ofisi moja mtaa wa Thongpiny, hapa Juba. Kila mkutano wetu una chakula cha kujipakulia, na kila mara mimi ndiye wa mwisho kwenye foleni kwa sababu nabaki nyuma kukusanya vikombe, kwa hiyo nikifika kwenye sufuria ya nyama nakuta mchuzi na shingo ya kuku (moja, na imeshachokonolewa). Lakini kuna watu ambao hawapangi foleni kabisa. Mhasibu hali ngano, yule mtaalamu wa kutoka Nairobi hanywi maziwa, na sahani zao zinakuja zimefunikwa foili, zinang'aa, juu yake karatasi yenye jina. Wanaitwa kwa jina! Mpishi anawabebea kwa mikono miwili! Mimi nilikuwa nikiziangalia zile foili kama mtu anayeangalia ndege ikipaa.

Na lazima niseme, mimi nina ndoto. Nataka siku moja nifanye kazi kwenye zile meli kubwa za watalii, zenye ghorofa kama jengo. Jioni nikiwa chumbani kwangu Nyakuron naangalia video zake kwenye simu, na najizoeza mbele ya kioo kile wahudumu wanachowauliza abiria: "Karibu, una aleji yoyote?" Kwenye video moja mzee mmoja alijibu karanga, basi mpishi mkuu mwenyewe, na kofia yake ndefu, akatoka jikoni kuja kumpa mkono.

Kwa hiyo ofisi ilipotangaza kwamba Jumamosi tunapanda boti, tunaenda na familia mpaka kisiwani kucheza ngoma na mpira, na ile fomu ikazungushwa, nikafika pale palipoandikwa "Je, kuna chakula kinachokudhuru?", nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaandika KARANGA. Halafu nikaongeza "kali sana."

Mimi! Nimelelewa Uganda na bibi yangu ambaye alitia karanga za kusaga (sisi hapa Juba tunaziita dakwa) kwenye mboga, kwenye nyama, kwenye mkate, na nadhani angeweza angetia kwenye chai. Karanga ndizo zilizonikuza.

Jumamosi nikavaa gauni langu la njano. Kabla sijakaa vizuri kwenye boti, mpishi akaja, mama mmoja Mganda tunayemwita Nalongo, yaani mama wa mapacha, akanishika mkono kama mtu aliyefiwa.

"Wewe ndio Joska ya karanga? Mungu wangu. Mimi iko na uoga na wewe tangu jana. Sufuria yako nilinunua mpya kabisa. Mwiko mpya. Hata chumvi nilitoa, nani anajua?"

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikasema, "Asante, Nalongo."

Sahani ikaja. Foili, jina, mikono miwili, kila kitu. Nikaifunua polepole, watu wakitazama. Ndani kulikuwa na viazi vitatu vya kuchemsha, karoti ya kuchemsha, na kipaja cha kuku kilichochemshwa mpaka kikapoteza matumaini. Na siku hiyo, siku hiyo hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nyama haikuisha! Walikuwa wamechinja mbuzi wawili. Samaki wa kukaanga walikuwa wamelala pale hawana wa kuwala. Na sufuria kubwa ya mbuzi kwa dakwa na pilipili ilikuwa inatoa harufu ambayo nina hakika ilifika ng'ambo ya mto. Dereva wetu, Moga, alipita mbele yangu akinyonya mfupa kwa sauti.

"Malesh, dada," akasema, yaani pole. "Karanga si mchezo."

Nilikuwa bado namtazama kwa chuki wakati mtu mdogo alipokaa karibu yangu na sahani yake ya foili mapajani. Alikuwa Kiden, binti wa bosi wetu Madam Roda, miaka tisa, filimbi shingoni, kimkoba kiunoni.

"Anti Joska, wewe pia?"

"Mimi pia nini?"

"Karanga!" Akanisogelea mpaka magoti yetu yakagusana. "Sijawahi kuona mwingine. Shuleni niko peke yangu. Kwenye bethidei wanakula keki, mimi wananipa ndizi. Kila bethidei, ndizi. Wewe ukikula inaanzia wapi? Mimi inaanzia kwa midomo, halafu shingo inabana, siwezi kuita mtu, ndiyo maana niko na filimbi."

"Mimi..." (Nilitafuta kiungo ambacho hajakitaja.) "Mimi inaanzia kwa magoti."

"Magoti?"

"Halafu inapanda."

Akaniangalia kwa heshima kubwa sana. Akafungua kimkoba akanionyesha sindano yake, ile iliyo kama kalamu, ya kudungwa pajani karanga zikimdhuru, wameitoa mbali, na iliyobaki ni hiyo moja tu mpaka nyingine ije. Halafu akachukua uma wake akakagua viazi vyangu kimoja kimoja. "Ni salama," akasema. "Kula, Anti. Mimi nakulinda."

Jamani, nilijisikia mdogo kuliko kile kiazi. Lakini njaa nayo haina aibu. Kiden alipoitwa na mama yake, nikajiambia tonge moja tu, haraka, mtu hataona, nikanyata mpaka nyuma ya boti ambako Nalongo alikuwa amewacha masufuria yake karibu na karai la kuoshea vyombo. Nikafunua ile sufuria kubwa. Sikutafuta hata kijiko. Nilizamisha mkono wote, nikajaza mdomo nyama na dakwa mpaka kidevuni, nikafumba macho kwa raha, na nilipoyafumbua Kiden alikuwa amesimama mbele yangu. Mkononi alikuwa na kipande cha keki. Mama yake alikuwa amemwokea keki yake isiyo na karanga, na yeye alikuwa ameikata nusu kwa nusu, akaniletea nusu yangu.

Nilishtuka, nikavuta pumzi, na pilipili ikashuka njia isiyo yake.

Sasa fikiria anachokiona mtoto: Anti ana dakwa mdomoni, macho yanatoka machozi, uso umefura, anakohoa, hawezi kusema. Ilikuwa aleji kamili, hata daktari angekubali! Kiden akapuliza filimbi mpaka injini ikaonekana kunyamaza, akatupa keki, akanikimbilia kunishika mkono.

Na mkono wangu ulikuwa na dakwa mpaka kwenye kiwiko.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Zile video zangu zilinifundisha kwamba hata mpako kidogo unaweza kumdhuru mtu. Nikarudi nyuma. Akanifuata. Nikazunguka sufuria, naye akazunguka, "Anti, simama! Nakusaidia!", mimi nikitikisa kichwa na kukohoa, nimeinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa, nikarudi hatua moja zaidi, na karai likanipokea. Nilikaa ndani yake, gauni la njano, povu, vijiko na vyote, miguu ikipiga hewani.

"Imefika kwa magoti!" Kiden akalia. "Mama! Imefika kwa magoti!"

Watu wakaja wote kwa upande wetu mpaka boti ikainama. Nahodha akageuza kurudi Juba kwa kasi. Nalongo alikuwa anaapa kwa watoto wake mapacha kwamba sufuria ilikuwa mpya. Madam Roda akapenya, akamrudisha Kiden nyuma, na Kiden akafungua kimkoba akamwekea mama yake sindano mkononi.

"Mpe yangu! Mama, mpe yangu!"

Niliona uso wa Madam Roda. Aliitazama sindano, akamtazama mtoto wake, kwa sekunde moja tu, halafu akaing'oa kifuniko na kupiga magoti mbele ya karai. Angenipa! Ile moja ya mtoto wake, angenipa mimi mpika chai. Sijui nguvu nilizitoa wapi, lakini ile nyama ilitoka, na sauti ikatoka nyuma yake:

"Usinidunge! Sina aleji! Nilitaka tu sahani yenye jina!"

Hata Moga alikuwa amewacha kutafuna.

Tulipogonga ukingo, wahudumu wa mgahawa wa pale mtoni, waliokwisha kupigiwa simu, walikuwa wamenyanyua meza wanibebe juu yake, na wateja wamesimama na soda zao mkononi. "Mgonjwa yuko wapi?" Boti nzima ikaninyooshea kidole, nikiwa nimesimama na povu kichwani, mzima kabisa. Kisiwani hatukufika. Ngoma iliyoandaliwa sijui ilichezwa na nani.

Madam Roda hakunifokea. Alinipeleka kwenye bomba akanisimamia ninawe mikono mara tatu mpaka mabegani, akasema, "Jumatatu chai saa mbili, kama kawaida." Aliyenimaliza ni Kiden. Alinitazama kwa mbali akauliza, bila hasira hata kidogo:

"Kwa hiyo niko peke yangu tena?"

Nililia mbele ya wenye soda wote.

Ofisini walinifunikia ufagio kwa foili, wakaandika jina langu. Sawa, nilistahili. Lakini bethidei ya Kiden ilipokaribia, nilikwenda kwa Madam Roda nikaomba nipike mimi, pamoja na Nalongo (na ile sufuria mpya). Tulipika kila kitu bila karanga hata moja, cha watoto na cha wakubwa, ili asiwepo mtu wa kutengewa sahani. Kiden alikagua kila chungu, filimbi mdomoni, akala keki moja na wenzake, vipande vitatu. Ndizi hakuna aliyeigusa.

Mimi nilibaki nyuma kukusanya vikombe, na nilipofika mezani nyama ilikuwa imeisha. Kiden akaja na sahani kwa mikono miwili. Foili. Juu yake karatasi: ANTI JOSKA.

Nikaifunua. Viazi vitatu vya kuchemsha, bila chumvi.

"Kula, Anti," akasema. "Mimi nakulinda."

Nilivimaliza vyote mbele yake. Na tangu siku hiyo fomu yoyote ikija mkononi mwangu, pale panapouliza ni nini kinachonidhuru, naandika HAKUNA kwa herufi kubwa, halafu naichorea mstari chini, mara mbili.